Mcheza Ugenini Naye Atunzwe

Tarehe 12 Februari 1998, huko Hakuba, Japani, bingwa wa mbio za skii alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake. Bjørn Dæhlie wa Norway alikata kilomita 10 za theluji kwa dakika 27 na sekunde 24, na dhahabu ya Olimpiki ikawa yake. Mtu aliyetoka jasho namna ile kwenye baridi namna ile hutafuta blanketi, kikombe cha kitu cha moto na mahali pa kuketi. Dæhlie hakuondoka. Alisimama pale mwisho wa njia, macho yake kule wanakotokea wakimbiaji, akasubiri. Wakafika wawili watatu, yakafika makundi, kisha wakaanza tena kufika mmoja mmoja, na kila aliyefika alionekana amechoka kuliko aliyemtangulia. Sherehe ya kuwatuza washindi ikangoja. Zilipotimia dakika 20 tangu yeye afike, akatokea Mkenya mmoja, peke yake njia nzima, anavuta mguu, anachomeka fimbo, anavuta mguu tena, huku watazamaji wakimpigia makofi kana kwamba yeye ndiye anayeongoza.

Alikuwa Philip Boit. Saa ilisoma dakika 47 na sekunde 25. Nafasi ya 92, ya mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Alipovuka mstari Dæhlie alimkumbatia, na picha ya kumbatio hilo ikazunguka dunia.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni kweli, na sote tumeona. Binti akiingia uwanjani kwenye ngoma ya kwao, shangazi atamfuta jasho, mjomba atambandika noti kwenye paji la uso, bibi atavua khanga begani kwake amfunge yeye. Lakini nani anamtunza anayecheza ugenini, ngoma ambayo kwao haipigwi, mbele ya watu waliozaliwa nayo? Siku ile kule Hakuba, aliyemtunza Mkenya alikuwa Mnorway. Sisi wenyewe, wengi wetu, tulikuwa tunacheka.

Naandika haya kwa sababu nimechoka na kicheko hicho, na kwa sababu najua kuna vijana wanaokiogopa kuliko wanavyoogopa kuanguka.

Jiweke mahali pa Boit. Una miaka 24. Unatoka upande wa Eldoret, nchi ya wakimbiaji, ambako watoto huamka gizani na kwenda barabarani kabla ya chai. Ukoo wenu una jina: Mike Boit alirudi na shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Na wewe ni mtu wa mita 800. Ukipita asubuhi watu wanajua unachofanya, na wanajua unakijua. Kisha, mapema mwaka 1996, kampuni ya viatu ya Nike inakuchukua wewe na mwenzako, Henry Bitok, inawapeleka Finland mkajifunze skii. Hujawahi kuiona theluji kwa macho yako. Unashuka kwenye ndege, baridi inakupiga kifuani kama kofi, na kila kitu mbele yako ni cheupe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ni kazi ambayo watu hawaijui. Mkimbiaji huikanyaga ardhi nayo ikamrudishia nguvu. Theluji haikurudishii kitu. Ukiisukuma inakimbia. Miguu iliyofundishwa miaka kumi kupiga hatua inatakiwa sasa isipige hatua, iteleze, mmoja ukisukuma na mwingine umebeba mwili wote juu ya ubao mwembamba usiofika upana wa kiganja. Mikono, ambayo kwa mtu wa mita 800 ni ya kusindikiza mwendo tu, sasa ndiyo inayovuta nusu ya mzigo. Kisha kuna nta. Katikati ya skii, pale chini ya unyayo, hupakwa nta inayonata ili mguu upate mahali pa kushika unaposukuma. Mbele na nyuma hupakwa nta inayoteleza. Theluji ikibadilika, nta nayo ibadilike. Theluji mpya iliyolowa maji ndiyo fumbo gumu kuliko yote: ukikosea, inaganda chini ya skii, na unakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya udongo wa mfinyanzi wakati wa masika. Siku ile Hakuba hali ya hewa ilikuwa mbaya, na njia ilikuwa imelowa. Watoto wa Norway huanza kujifunza mambo haya kabla hawajaanza shule. Boit alipewa miaka miwili.

Tunalo neno zuri sana katika Kiswahili: mwanagenzi. Fundi wa jahazi anajua maana yake, na fundi cherehani, na mchonga milango. Mwanagenzi ni mtu aliyekubali kutojua. Anafagia vumbi la mbao, anashika ubao upande wa pili, anakosea, anakaripiwa, anarudi kesho. Kwa mtoto wa miaka kumi na mbili uanagenzi si jambo zito, maana hana heshima ya kupoteza. Lakini mtu mzima, mwenye jina katika kazi moja, akubali kuwa mwanagenzi wa kazi nyingine, na uanagenzi wenyewe aufanye mbele ya kamera za dunia nzima? Hapo ndipo ninapovua kofia. Zile dakika 20 alizoachwa nyuma ndizo bei ya kukubali kutojua hadharani, na Boit aliilipa taslimu.

Wapo waliosema kuwa safari ya Boit ni tangazo la biashara. Ni kweli kampuni ilikuwa na hesabu zake, na sina haja ya kuzitetea. Lakini kampuni haikumsukuma mgongoni kilomita zile kumi. Na kama lingekuwa tangazo tu, lingeisha siku ile. Boit alirudi Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, na safari hii, katika mbio fupi, wapo aliowaacha nyuma. Akarudi tena Torino mwaka 2006, akiwa mtu wa miaka 34. Miaka kumi tangu aone theluji kwa mara ya kwanza alikuwa bado anapaka nta. Na nyumbani Kenya alikuwa na mtoto wa kiume aliyempa jina la Daehlie. Jina la mtu aliyemsubiri.

Swali ninalolisikia kila mara ni hili: sisi na theluji wapi na wapi? Swali hilo huulizwa na watu wanaoishi chini ya theluji. Mlima Kenya uko pale, na Kibo iko pale, na Ruwenzori iko pale, theluji na barafu karibu kabisa na Ikweta, ingawa inazidi kupungua kila mwaka. Na tukumbuke tulichofanya tulipopata uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, na bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru. Miaka miwili baadaye, usiku wa uhuru wa Kenya, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya nchi yake juu ya Mlima Kenya. Tungeweza kuzisimika viwanjani tu, kwenye nyasi, mahali pa joto. Tulichagua kuzipeleka kwenye baridi. Kwa hiyo mtu akiniambia bendera hizi hazina kazi huko kwenye theluji, namwambia ndiko zilikopelekwa usiku wa kwanza.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, Jamaika, maana kuna jambo kule linalotuhusu.

Mwaka 1987 kisiwa hicho cha jua kiliamua kuunda timu ya bobsledi. Bobsledi ni chombo kama ganda la mtumbwi lenye vyuma chini. Wachezaji hukisukuma mbio kwenye barafu, hurukia ndani, kisha huteremka kwenye mfereji wa barafu wenye kona kali, kwa mwendo unaopita kilomita 120 kwa saa. Jamaika ina watu wenye mbio, na ina mchezo wake wa kuteremka milima kwa mikokoteni, kwa hiyo wazo halikuwa la kichaa kama lilivyochukuliwa. Mwaka 1988 walifika Olimpiki ya Calgary, Kanada. Katika bobsledi ya watu wanne, chombo kilipinduka. Vichwa vya vijana wale vilikuwa vinasuguana na ukuta wa barafu, na chombo kinaendelea kuteremka. Kiliposimama walitoka, wote wazima, wakatembea kando yake hadi mwisho, na watu wakawapigia makofi.

Hapo ndipo dunia ilipoiacha hadithi. Ikatengenezwa hadi filamu, watu wakacheka, wakalia, wakaenda nyumbani. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wahunzi wenyewe hawakwenda nyumbani. Dudley Stokes, aliyekuwa dereva siku chombo kilipopinduka, alikaa tena kwenye usukani. Mwaka 1994, Lillehammer, Norway, bobsledi ya watu wanne ya Jamaika ilimaliza nafasi ya 14. Nyuma yake walikuwapo Wamarekani. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Nchi yenye milima, viwanda na fedha ilikuwa nyuma ya kisiwa kisicho na theluji hata ya kutia kwenye glasi. Kati ya chombo kilichopinduka na nafasi ya 14 palikuwa na miaka sita. Miaka sita ambayo hakuna aliyepiga picha. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda, na ndiyo ambayo filamu haikuwa nayo.

Na wanawake wa Nigeria je? Seun Adigun alikimbia mita 100 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Alipoamua kuunda timu ya bobsledi ya Nigeria, nchi hiyo haikuwa na chombo, haikuwa na chama cha mchezo huo, haikuwa na barafu. Akakata mbao. Kwenye gereji ya nyumba huko Houston, Texas, alijenga bobsledi ya mbao kwa mikono yake, akaibatiza jina la Maeflower, na yeye na wenzake, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, wakawa wanasukuma mbao ile kwenye joto la Texas ili miguu ijifunze kabla ya kuiona barafu. Fedha wakazichangisha mtandaoni, kwa watu wa kawaida. Sisi hilo tunalijua kwa jina lake, harambee. Mwaka 2018 wakaingia PyeongChang, Korea Kusini, timu ya kwanza ya bobsledi ya Afrika katika historia ya Olimpiki. Walimaliza nafasi ya 20 kati ya 20.

Nimeiandika namba hiyo makusudi, sikuificha. Tusiwadanganye vijana kwamba kila anayejaribu atashinda. Timu ndogo mara nyingi hushindwa, na hushindwa kwa mbali. Ninachotaka kijana wa kwetu aone ni ile gereji: misumari, mbao, kipimo cha futi, na mwanamke ambaye tayari alikuwa mwanariadha wa Olimpiki, aliyeweza kukaa na sifa yake, lakini akachagua kuwa fundi wa kitu ambacho nchi yake haijawahi kukiona. Ukisubiri chama kiundwe ndipo uanze, utazeeka. Yeye alianza, na chama kikaundwa nyuma yake.

Mwaka huohuo, PyeongChang hiyohiyo, Kenya ilikuwa na mchezaji mmoja. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani, akahamia Austria na mama yake akiwa na miaka mitatu. Baba yake wa kambo alikuwa mwendeshaji wa lifti ya kupandishia watu mlimani, na huyo ndiye aliyemvalisha skii. Aliingia uwanjani akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, bendera ameishika yeye, timu nzima ni yeye. Katika mbio za super-G alimaliza wa 38. Mtoto wa Kilifi, wa 38 duniani siku ile, katika mchezo wa kuteremka mlima kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Wangapi kati yetu tulikesha kumtazama? Kwa mechi ya ligi ya Uingereza tunajaza vibanda vya video, tunagombana, tunalipa kiingilio. Kwa bendera yetu wenyewe, kwenye mlima, ilikuwa kimya.

Na huenda unasema: huyo alikulia Ulaya. Sawa. Basi twende Nairobi.

Barabara ya Mombasa, ndani ya hoteli ya Panari, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki ya barafu, ambao urefu wake ni kama mita 60. Nje matatu zinapiga honi na jua linachoma. Ndani watu wamevaa majaketi. Huko ndiko ilikozaliwa timu ya Ice Lions, simba wa barafu wa Kenya.

Sijui kama umewahi kuvaa viatu vya barafuni. Vina chuma chembamba chini, kama kisu kilichosimamishwa. Ukisimama, vifundo vya miguu vinatetemeka na kulala upande, na ghafla unatambua kwamba maisha yako yote hukuwahi kuvifikiria. Mwili unakuamuru uegemee nyuma, kwa hofu, na ukiutii unaanguka chali. Kocha atakuambia kinyume chake: kunja magoti, inama mbele, elekea kule unakokuogopa. Na kabla hajakufundisha kwenda, atakufundisha kuanguka. Namna ya kujitupa upande, namna ya kuficha vidole visipitiwe na chuma cha mwenzako, kisha goti moja, mguu mmoja, mikono juu ya goti, simama. Unaanguka unainuka, unaanguka unainuka, hadi suruali imelowa na viganja vinawaka kwa baridi. Somo la kwanza la mchezo huu ni hilo, na hakuna anayeruka darasa.

Vijana wa Ice Lions walipitia huko. Wakajifunza kuanguka, wakajifunza kwenda, wakajifunza kupiga kisahani kwa gongo huku wakienda. Kisha wakagongana na ukuta ambao timu kubwa haziujui: hawakuwa na mpinzani. Kenya haikuwa na timu nyingine ya hoki ya barafu, wala jirani zetu. Fikiria timu ya mpira ambayo haina mtaa wa pili wa kucheza nao. Walichofanya ni kujigawa wenyewe na kucheza wenyewe kwa wenyewe, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Mazoezi bila mechi. Najua wachezaji wenye vipaji vikubwa walioacha mpira kwa kukalishwa benchi mechi tatu. Hawa hawakuwa hata na mechi ya kukalishwa.

Mwaka 2018 walialikwa Toronto, Kanada. Huko wakavalishwa vifaa kamili, wakaingia kwenye uwanja wa ukubwa unaostahili, na kwa mara ya kwanza mbele yao wakasimama watu wa timu nyingine, wazima moto wa huko. Na kwenye benchi lao wenyewe, wamevaa jezi ya Kenya, wakakuta wamekuja kuwasaidia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wakubwa wa mchezo huo duniani. Angalia jinsi mambo yanavyojirudia. Dæhlie alisubiri kwenye mstari. Crosby alivaa jezi. Wakubwa wa kweli wa kila mchezo wanajua mwanagenzi ni nani, kwa sababu hawajasahau walivyoanguka wao. Kicheko hutoka kwa wasiowahi kuvaa viatu.

Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Kutoka kujigawa wenyewe ndani ya hoteli hadi jina la nchi kwenye orodha ya dunia. Hakuna aliyewapa hilo kwa huruma. Lilitokana na vijana waliokataa kuacha kucheza wenyewe kwa wenyewe.

Sasa nisikilize wewe unayesoma, maana sikuandika haya ili umsifu Boit ukalale.

Wewe kijana unayeteleza kwa viatu vya magurudumu Jumapili mjini, huku wazee wanakutazama kama mtu aliyekosa kazi: usiviache. Vifundo vyako vimekwisha kujua nusu ya yale ambayo mtu wa barafuni hujifunza kwa machozi. Wapo waliofika kwenye barafu kwa njia hiyohiyo. Tafuta kocha. Jifunze kuanguka vizuri.

Wewe mzazi, mtoto wako akikuambia anataka mchezo ambao hujawahi kuusikia, kabla ya kumuuliza mchezo huo utamlipa nini, mwulize unachezwaje. Mwache akufafanulie. Utaona anavyosimama, anavyoinua mikono, anavyowaka. Ukishaona hivyo ndipo uzungumze habari za ada na mitihani, na zungumza kwa upole.

Ninyi mnaoshika mafungu ya michezo, hesabu ninayowaletea ni fupi. PyeongChang mwaka 2018 nchi za Afrika zilikuwa nane. Beijing mwaka 2022 zilikuwa tano, na Kenya haikuwamo. Tanzania na Uganda, hadi mwaka huo, hazikuwahi kumpeleka hata mchezaji mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Mlango huu haukai wazi wenyewe. Usiposukumwa kila miaka minne unajifunga, na anayekuja nyuma anaanza kwa kubisha hodi upya. Hatudai kasri la barafu. Nauli ya mchezaji mmoja, mshahara wa kocha mmoja, viatu vya ukubwa unaomfaa mtoto: mwanzo wake ni huo. Na pale mchezaji anapojitahidi kwa fedha za familia, basi barua yake ijibiwe. Jibu tu, hata kama ni la kusema subiri. Nimewaona vijana waliovunjwa moyo na ukimya kuliko walivyovunjwa na ukata.

Na wewe uliye mtu mzima, ambaye huna habari na skii wala hoki, lakini kuna jambo umekuwa ukilizunguka miaka. Mama wa miaka 45 anayetaka kurudi darasani akae dawati moja na wenye umri wa watoto wake. Mwalimu mstaafu anayetaka kujifunza kompyuta na anaogopa kumwuliza kijana wa dukani. Baba aliyekuwa dereva miaka ishirini, mgongo umekataa, na sasa anataka kujifunza kushona. Unajua utakuwa wa mwisho. Unajua wataona unavyoshika mkasi. Nenda hivyohivyo. Boit aliacha kazi aliyoijua akaenda kwenye asiyoijua, akamaliza wa 92, na namba hiyo imeandikwa katika kitabu cha Olimpiki kwa wino uleule ulioandika namba 1. Walioanza mbio siku ile na kuziacha njiani hawana namba.

Nenda Jumatatu. Usingoje mwaka mpya. Vaa viatu, kunja magoti, inama mbele.

Na siku timu ndogo itakapoingia tena uwanjani na bendera yetu, awe mmoja, wawe wawili, usiku utakuwa umekwenda na usingizi utakuwa umekushika. Washindi watafika, watapigwa picha, mtangazaji ataanza kuaga. Wewe kaa. Waite watoto waje waone, mtaje kwa jina lake, na usizime runinga kabla hajafika.